Jibu: Chemsha bongo yangu inawanyamazisha watu, nifanyeje?

Pole dada. Nimekuelewa: kikundi chenu hapo Moshi kimekupa kazi ya kuendesha chemsha bongo, ukauliza majina ya wafalme, watu wakainamia simu. Nami yalinikuta hukuhuku Arusha.

Swali liwe geni, jibu liwe tayari vichwani mwao. Mfano: "Mnyama gani ana pingili saba tu za shingo kama binadamu, ila moja huweza kufika sentimita 25?" Hakuna aliyelisoma hilo, lakini hata bibi wa meza ya nyuma atasema twiga. Au: "Mwaka 1889 Hans Meyer alikiita kilele hiki Kaiser-Wilhelm-Spitze. Leo kinaitwaje?" Watatazamana, halafu mmoja atachungulia dirishani acheke. Uhuru!

Kwa hiyo anza na jibu, ndipo urudi nyuma kutafuta swali. Mjaribie mtoto wa darasa la sita kwanza.

Ila usitege. Niliwahi kuuliza Vita vya Miaka Mia vilidumu miaka mingapi; wote wakasema mia, nikawakosesha (ni 116, 1337 hadi 1453). Nusura tugombane kwa kreti ya soda. Kama zawadi ni fedha, mwalimu wa historia ayakague majibu mapema.