Wafukia nini, kijana?

Juzi huko Tudor, hapa Mombasa, nilimkuta kijana, mgeni kazini, akisukuma mchanga mtaroni kwa mguu huku macho yakitazama kwengine. Nikamuuliza, "Wafukia nini?" Akajibu, "Hakuna kitu, mzee." Nimechimba mitaro katika kisiwa hiki na ng'ambo zake zaidi ya miaka 30, na sijaona mtu akifukia "hakuna kitu" kwa mguu wakati sepetu iko kando yake. Basi someni haya ya kuchimba penye kebo na mabomba, hata nyinyi mnaojiona mmeshafuzu.

1. Ramani ya wenye kebo ichukueni kama maelekezo ya mpita njia: itakuonyesha upande, kina usiiulize. Barabara zetu zimewekwa lami juu ya lami, nyengine zimekwanguliwa na kupanuliwa. Na chini ni jiwe la matumbawe. Aliyelaza kebo zamani, alipofika penye jiwe lisilovunjika, alichoka kama uchokavyo wewe. Akaipitisha kebo juu ya jiwe, akaenda zake. Ndiyo maana hatua tano nyuma uliikuta kiunoni na hapa iko gotini.

2. Kifaa cha kutafutia kebo si hirizi. Ukikitega kisikilize umeme peke yake, kinasikia kebo inayobeba mzigo tu. Kebo ya taa za barabarani saa nne asubuhi imelala. Utapita juu yake kimya, useme pako wazi. Tumieni na kile kisanduku cha kutuma mawimbi, mpite kwa urefu kisha kwa kukatisha. Bomba la plastiki halitalia hata mkilisomea dua.

3. Shimo la majaribio huchimbwa kwa mkono, nusu mita kila upande wa alama ya kebo, kabla mashine haijasogea. Ukikuta mchanga laini katikati ya matumbawe, simama: mchanga huo uliletwa na mtu. Mtaimbo uweke mbali.

Na kwa kuwa nimeutaja mtaimbo, niseme langu. Ilikuwa Ramadhani ya 1993, tunachimba mtaro wa bomba la maji upande wa Ganjoni. Nilikuwa nimekabidhiwa vibarua sita, na kichwa kimenivimba. Saa tisa na nusu, koo zimekauka, kila mtu ataka kuwahi nyumbani kabla ya magharibi. Tukafikia mchanga laini, ule ule ninaowaambia. Kibarua mmoja akasita. Nikampokonya mtaimbo nimwonyeshe kazi inavyofanywa. Pigo la tatu halikulia kama jiwe. Lilitoa sauti nzito, kama kupiga gunia.

Nikafuta mchanga kwa kiganja. Gamba jeusi la kebo limechanika urefu wa kidole, na nyaya za chuma za kinga zinametameta ndani. Hakukuwa na cheche wala moshi. Nikashukuru Mungu, kisha nikafanya upumbavu: nikatazama kulia na kushoto. Msimamizi wangu alikuwa ameenda kuswali alasiri. Nikawaambia vijana wafukie, nikatuma mtu akanunue kaimati na tende, wagawane za kufuturia. Mzee mmoja wa Kidigo akazirudisha. "Hizi wape wenzangu, mwanangu," akasema, akachukua koleo lake akaenda mwisho wa mtaro. Sikumwelewa, au nilimwelewa sana. Kwenye daftari la siku nikaandika: kazi imeendelea salama.

Masika ikaja. Wiki tano hivi baadaye, usiku wa mvua, maji yakafika mahali nilipoyafungulia njia na kebo ikalipuka chini kwa chini. Mtaa mzima giza. Muuza samaki barafu ilimwisha, na msikitini pampu haikupandisha maji, watu wakatawadha kwa ndoo za jirani. Mafundi wa umeme walipofukua walikuta tundu la ncha ya mtaimbo, wala halikuhitaji mtaalamu. Tarehe na mahali vilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Msimamizi hakunitukana. Alifungua ukurasa ule, akaniwekea kidole chini kabisa. "Na mimi nilitia saini," akasema. Mwezi ule alihamishwa, mimi nikabaki. Mpaka leo nikimwona Marikiti hunisalimia vizuri, nami hushindwa kumtazama.

4. Mkigusa kebo, acheni kazi, ondokeni wote, pigieni wenye mali. Opareta abaki juu ya mashine. Pakishika moto aruke miguu pamoja, asishike mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburura nyayo. Kebo iliyonyamaza msiiamini. Huko kituoni mtu aweza kuiwasha tena.

Bomba la maji: fungeni vali, na ile mipira ya baiskeli mnayofungia ufa muitupe. Mji huu maji ni ya zamu. Bomba likiwa tupu hunyonya tope la mtaroni, na zamu ikifika mtu analinywa.

Kebo ya intaneti iliyokatika msiichungulie, mwanga wake hauonekani na waumiza jicho.

Changamwe na Kipevu msitie hata sepetu bila mtu wa mwenye bomba kusimama hapo. Mafuta ya kwenda Nairobi yapita humo kwa bomba tangu 1978. Mkinusa petroli, zimeni injini, simu zisiguswe, tokeni kwa upande upepo unakotoka. Mnaoukumbuka moto wa petroli ya bomba mtaani Sinai, Nairobi, Septemba 2011, siwaelezi zaidi.

5. Pigeni picha kabla ya kufukia. Basi.

Yule kijana wa Tudor nilimfukulisha kwa mkono. Palikuwa na mkwaruzo, mdogo kuliko wangu. Akapiga simu mwenyewe, sauti ikimtetemeka, tukaweka kamba, tukangoja gari la mafundi mpaka saa tatu usiku. Njaa ikatushika. Akaniuliza kama akatafute kaimati. Nikamwambia alete viazi karai.