Maswali yenu: Gofu la mawe Alcoutim kwa euro 18,000

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni muuguzi hapa Leicester, mzaliwa wa Tanga. Akiba yetu mimi na mume wangu haitoshi kununua nyumba Uingereza. Tumeona tangazo la shamba la hekta mbili Alcoutim, kusini mwa Ureno: mizeituni, milozi na gofu la mawe, yaani mabaki ya nyumba ya zamani, bei euro 18,000. Dalali anataka tutume euro 2,000 wiki hii atushikie. Anasema gofu tutalijenga upya taratibu, na wakati huo tuweke nyumba ya mbao tuishi. Tutume?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msitume bado. Shamba linaweza kuwa zuri, na dalali anaweza kuwa mtu mwema. Lakini kilichowavuta ni hilo gofu, na hamjaona karatasi inayosema kwamba gofu lipo.

Kununua mnaruhusiwa. Ureno haimzuii mgeni kumiliki ardhi, tofauti na kwetu Tanzania. Shida iko kwenye aina ya ardhi. Ikiandikwa *rústico* ni shamba la kulima. Ikiandikwa *urbano* ni jengo au kiwanja. Nyingine ni *misto*, yaani vyote viwili. Kwa bei mliyotajiwa nina hakika nusu nusu kwamba hilo ni rústico tupu, na kama ndivyo, yale mawe kisheria si nyumba. Huwezi kuyapandishia paa kwa sababu tu bibi wa mtu aliwahi kulala humo.

Mwombeni dalali karatasi mbili. Ya kwanza ni *caderneta predial*, inayotoka ofisi ya kodi, Finanças. Ya pili ni *certidão permanente*, inayotoka kwa msajili wa ardhi, na hii ndiyo inayoonyesha mwenye mali ni nani na kama kuna deni juu yake. Someni kama jengo limetajwa, lina mita ngapi, na ni la nini. Ghala la mkulima si makazi. Jengo lililokuwepo kabla ya tarehe 7 Agosti 1951 halidaiwi leseni ya matumizi, na magofu mengi ya huku Ureno ni ya zamani hizo, lakini umri huo lazima uthibitishwe kwa maandishi. Na muwe macho: mwaka 2024 sheria iliondoa sharti la kuonyesha leseni hiyo wakati wa kutia saini kwa mthibitishaji. Watu walishangilia kwamba mambo yamerahisishwa. Mimi naona mzigo umehamia kwa mnunuzi, maana sasa unaweza kutia saini, ukalipa, ukapewa hati safi ya nyumba isiyoruhusiwa kukaliwa.

Halafu nendeni halmashauri, *câmara municipal*, mkaulize ramani yao ya mipango inasemaje. Kama kipande kimeangukia REN, hifadhi ya mazingira, au RAN, hifadhi ya ardhi ya kilimo, ujenzi ni mgumu mno. Kuna ombi rasmi linaloitwa *pedido de informação prévia*. Mnapeleka mnachotaka kujenga, nao wanajibu kwa maandishi, na jibu likiwa la kukubali linawabana wao kwa muda. Ni kazi ya miezi na inahitaji msanifu majengo. Hiyo ndiyo subira ya kuitolea pesa, si hiyo ya "kushikiwa" shamba.

Nyumba ya mbao isahauni. Neno hili nalisikia kila mwaka kutoka kwa madalali na linanikera. Nyumba ya mbao, kontena, nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa ikae, vyote halmashauri inavihesabu kuwa makazi na vinadai kibali. Naishi vilimani juu ya mji wa Tavira, huku huku kusini mwa Ureno, na nimewaona wazee wa watu, wastaafu, wakipewa amri ya kuondoa kila kitu baada ya kumaliza akiba yao.

Jambo la warithi pia ni zito upande huo. Alcoutim ina watu kama 2,500 tu kwenye kilomita za mraba 575. Watoto walikwenda zao Lisbon na Ufaransa, wazee wakafa, mashamba yakabaki ya ndugu saba au kumi na wawili. Mirathi isiyogawanywa haiuzwi mpaka kila mrithi atie saini. Mwulizeni dalali: wote wapo, na wote wanataka? Jirani mwenye shamba dogo linalopakana na hilo pia ana haki ya kununua kwanza. Asipoarifiwa rasmi, anaweza kwenda mahakamani ndani ya miezi sita tangu ajue mauzo, akaweka huko pesa ya bei iliyouzwa, akachukua shamba. Wakili wenu ahakikishe barua zimetumwa. Nasema wenu, asiwe wa dalali.

Ikifika siku ya arubuni, ilipwe kwa mkataba wa ahadi ya mauzo ulioandikwa. Kwa kawaida mkijitoa mnaipoteza, muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Muweke sharti kwamba halmashauri ikikataa jengo, pesa inarudi. Kodi ya kununua shamba ni asilimia 5, na ushuru wa stempu asilimia 0.8. Kwa euro 18,000 hiyo ni 1,044, kabla ya wakili na mthibitishaji.

Na maji, mwanangu. Mwanzoni mwa 2024 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba serikali ilipunguza maji ya kilimo Algarve, mkoa huu wa kusini, kwa asilimia 25. Nendeni Agosti, si Aprili maua ya porini yanapofunika kila kitu. Mchungulie kisima wakati huo. Mtazame na njia ya moto ingepita wapi: huku huku Algarve Monchique iliungua 2018, Castro Marim 2021, na mwenye nyumba anawajibika kufyeka mita 50 kuizunguka kila mwaka. Hospitali kubwa iko Faro, zaidi ya saa moja kwa gari. Wewe ni muuguzi, unajua maana yake.

Mkiona haya yote mnayaweza, basi tafuteni hata kijumba kibovu kilichoandikwa urbano ndani ya kijiji. Bei itapanda, lakini usiku mtalala.

SWALI: Tuko marafiki wanne Birmingham. Tunataka hekta tano karibu na Mértola, Ureno, tugawane sawa kila mtu na kipande chake. Inawezekana?

JIBU: Kugawana kama viwanja vya hamsini kwa mia, hapana. Shamba halikatwi chini ya kipimo cha chini cha kilimo kilichowekwa kwa eneo hilo, na hata kununua kwa ubia kunaweza kuhitaji maoni ya halmashauri. Na kama kuna sobreiro, mti wa magome ya vizibo, au azinheira, hamkati hata mmoja bila kibali, hata ukiwa wenu. Nunueni kwa ubia kama mnataka kulima pamoja.

SWALI: Nikinunua nyumba Algarve, napata kibali cha kuishi?

JIBU: Hupati. Njia hiyo ya kununua nyumba ilifungwa Oktoba 2023. Hati ya nyumba na kibali cha ukaazi ni maombi mawili tofauti. Anza na la ukaazi, ubalozini.