Khukuri ya Mkusanyo: Nimchague Mfuaji Yupi?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Sakina, Arusha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya silaha za jadi, hasa sime za Kimasai na mikuki iliyofuliwa Mamba, Kilimanjaro. Sasa nataka kuongeza khukuri moja, yaani kisu kikubwa cha Nepali chenye bapa lililopinda, iliyofuliwa kwa mkono, kwa sababu marehemu babu yangu alipigana Burma akiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akawaona Wagurkha, askari wa Kinepali waliopigana upande wa Waingereza, wakiwa nazo viunoni, na alizisifu hadi mwisho wa maisha yake. Nimepata wauzaji watatu. Wa kwanza ana bei ndogo, na khukuri zake zina mapambo mengi ya shaba na kichwa cha simba kwenye mpini. Wa pili ni karakana ya Kathmandu inayofua khukuri nene na nzito, kila moja ikiwa na alama ya mhunzi. Wa tatu hutengeneza nakala za khukuri za karne ya 19, nyepesi kuliko za wa pili lakini ghali kuliko zote. Uwezo wangu ni wa kununua moja tu. Nimchague yupi?
Msomaji, Sakina.

JIBU

Ndugu msomaji, huyo wa kwanza mwache. Khukuri zenye kichwa cha simba na shaba nyingi hutengenezwa kwa ajili ya watalii. Gharama huishia kwenye mapambo, na mara nyingi bapa halikufuliwa kwa uangalifu wala halikutiwa ugumu ipasavyo. Kwa mtu mwenye mikuki ya Mamba nyumbani, kitu hicho kitakuwa mgeni asiye na la kuzungumza na wenyeji wake.

Kabla ya kuwalinganisha wawili waliobaki, inafaa ujue kazi yenyewe inavyofanyika, maana maswali utakayowauliza yanatoka humo. Siku hizi wahunzi wengi wa Nepali hufua khukuri kutokana na springi za lori, chuma ambacho hata mafundi wetu wa sime na mapanga wanakifahamu vizuri. Bapa likishapata umbo lake hurudishwa motoni, kisha mhunzi huchukua birika na kumimina maji taratibu kwenye upande wa makali peke yake, akilifuata tumbo la bapa, yaani sehemu ya makali iliyobenuka nje, kwenda na kurudi, huku akiangalia rangi ya chuma inavyobadilika. Kwa namna hiyo makali hupoa ghafla na kuwa magumu, ilhali mgongo unapoa polepole na kubaki laini kiasi cha kustahimili kishindo bila kuvunjika. Mfuaji wa kweli atakueleza jambo hili bila kusitasita, na atakuambia pia ugumu umefika wapi na umeishia wapi, kwa sababu ncha na sehemu iliyo karibu na mpini kwa kawaida huachwa laini kuliko tumbo. Muuzaji anayejibu tu kwamba chuma chake ni bora kabisa hajakujibu kitu.

Omba pia picha mbili ambazo wauzaji wengi hawaziweki: moja ya mgongo ikipigwa kutoka juu, na nyingine ya kitako cha mpini. Katika picha ya mgongo, angalia kama unene unapungua hatua kwa hatua kuelekea kwenye ncha. Mgongo wa khukuri huweza kuwa na milimita 5 hadi 10 karibu na mpini, lakini ukibaki na unene huohuo mpaka mbele, uzito wote huangukia kwenye ncha na mkono huchoka mapema. Wahunzi wa zamani walikuwa hodari sana katika kupunguza huko, na ni kazi inayokula muda, ndiyo maana kazi ya haraka huiruka. Picha ya kitako itakuonyesha jinsi mpini ulivyoshikwa. Katika mtindo mmoja, mkia wa bapa hupita ndani ya mpini hadi mwisho, ukashikizwa kwa gundi ya asili iitwayo laha na kugongwa ukutane na kibati cha chuma. Katika mtindo mwingine uitwao panawal, mkia ni mpana kama mpini wenyewe, na vipande viwili vya mti au pembe hufungwa kwa ribiti kila upande. Yote miwili ni mizuri, mradi usione nafasi wala ufa kati ya chuma na mpini.

Sasa nije kwa hao wawili. Karakana za khukuri nzito zina heshima yake. Himalayan Imports, kwa mfano, imejulikana kwa migongo minene na kwa desturi ya kila mhunzi kuweka alama yake kwenye bapa, na desturi hiyo mimi naithamini kuliko unene wenyewe. Khukuri nyingi za matumizi huwa na urefu wa sentimita 40 hadi 45 na uzito wa kati ya gramu 450 na 900. Ukiambiwa kwamba yako ina zaidi ya kilo moja, ujue imefuliwa kwa kufuata matakwa ya wanunuzi wa ng'ambo, ambao wengi huamini kwamba kisu kizito ndicho kisu imara. Si kosa kuimiliki, ila haitakuonyesha kile ambacho mkulima wa milimani hubeba kiunoni akienda kukata kuni.

Kwa mkusanyo kama wako ningemchagua wa tatu, kwa sharti moja: akutajie aliyeifua. Sharti hilo ni zito kwangu. Wahunzi wa Nepali kwa jadi wanatoka katika tabaka la Kami, ambalo kwa vizazi vingi lilitengwa na kuhesabiwa najisi na watu walewale waliotegemea visu vyake, na ubaguzi huo ulikuwa bado haujakwisha hata baada ya sheria kuupiga marufuku mwaka 1963. Wewe unayekusanya sime unajua kwamba Ilkunono, wahunzi wa Kimasai, walitendewa vivyo hivyo na kulazimika kuoana wao kwa wao. Muuzaji anayekuuzia kazi ya mhunzi huku akificha jina lake anauendeleza utaratibu huo wa zamani. Iwapo wa tatu atakataa kumtaja mhunzi na wa pili akamtaja, nunua kwa wa pili bila kujuta.

Kuhusu babu yako, kuna jambo ambalo huenda likabadilisha uamuzi wako. Askari wa Afrika Mashariki walipopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, khukuri nyingi walizoziona kwa Wagurkha zilikuwa za kijeshi, zilizotengenezwa India kwa mkataba wa jeshi na kugongwa mhuri wa mwaka. Nakala ya karne ya 19 haifanani nazo sana. Ikiwa unachotaka hasa ni kisu alichokiona babu, tafuta ya zamani yenye mhuri wa 1943 au 1944, ambayo bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale, ukijua kwamba hutapata jina la mhunzi juu yake.

Usinunue khukuri ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka 100 moja kwa moja kutoka Nepali bila kibali cha Idara ya Akiolojia ya huko, kwa kuwa sheria yao inakataza kutoa vitu vya namna hiyo kiholela. Mpini wa pembe za ndovu ukatae kabisa, hata uwe wa zamani kiasi gani. Pembe inayotumiwa kwa kawaida ni ya nyati wa kufugwa wa Asia, lakini hapa kwetu pembe ya nyati ni nyara ya serikali, na ofisa wa forodha hana namna ya kutofautisha kwa macho. Chagua mpini wa mti wa sisau, au umwombe mfuaji akuandikie barua inayotaja mnyama, kisha uwaulize TRA na wakala wako wa forodha kabla hujalipa senti yoyote.