Tangu lini mzee ana mshipa?

SWALI: Baba yetu atapasuliwa mshipa mkubwa wa moyo. Karatasi tuliyotafsiriwa yasema madaktari "watapima damu kwenye ubongo" wakati wa upasuaji. Mama akashtuka: "Tangu lini mzee ana mshipa?" Mzee naye adhani ubongo wake umevuja damu. Je, maneno haya yamekosewa? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Poleni kwa kuuguliwa, Mungu amponye mzee. Mama hakukosea hata kidogo. Kwetu Mombasa ukisema "fulani ana mshipa", hakuna afikiriaye moyo. Watu huelewa ngiri. Tena neno hilohilo hubeba mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, kwa hivyo si vyema kuliacha peke yake. Wa baba ni aota: mshipa mkuu wa damu. Nasema mkuu, si mkubwa, kwa kuwa mkubwa hutaja unene tu, na huu ndio shina la ateri zote zinazopeleka damu mwilini, zikiwemo za kwenda kichwani. Ndiyo maana ukiguswa huu, ubongo lazima uchungwe.

"Kupima" nako kunapunguza kazi yenyewe. Nesi hukupima presha, akaandika namba, ukaenda zako. Chumba cha upasuaji mambo ni mengine. Mara nyingi hubandikwa vibandiko viwili kwenye paji la uso, kulia na kushoto. Hupitisha mwanga usioonekana kwa macho, na skrini ikaonyesha muda wote oksijeni iliyomo katika damu ya ubongo. Namba ikishuka, wataalamu hujua huenda ubongo haupati damu ya kutosha, nao hupandisha presha au hurekebisha mashine inayosukuma damu kwa niaba ya moyo. Huko ni kufuatilia.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kile "kwenye". Ukimwambia mgonjwa "damu kwenye ubongo", husikia damu iliyomwagika, yaani kiharusi. Damu hii iko safarini, basi ipeni kitenzi cha safari: damu iendayo ubongoni.

Mimi ningeandika hivi: "Tutakapopasua mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, tutafuatilia bila kukoma damu iendayo ubongoni." Msomeeni mzee polepole, Mama akiwepo, kabla hajatia sahihi.