Teflon inateleza kuliko nailoni, mbona bushi yangu imekwisha kwa wiki tatu?

SWALI: Nina mashine yenye mkono unaopanda na kushuka ili kubana maboksi. Mkono unacheza kwenye shafti ya chuma ya milimita 20, ndani ya bushi (pete ndefu inayoizunguka shafti) ya nailoni yenye urefu wa milimita 20. Bushi hiyo ilidumu zaidi ya mwaka, ila kila mashine ikioshwa, baada ya siku kadhaa mkono unakuwa mzito na kuanza kulia. Nikaambiwa Teflon inateleza kuliko plastiki zote. Nikanunua rodi nyeupe, nikakereza bushi nyingine kwa vipimo vilevile. Siku ya kwanza mkono ulikuwa mwepesi ajabu. Kufika wiki ya tatu tundu limekuwa na umbo la yai, na plastiki imechomoza pembeni. Mzigo ni kama kilo 120, mkono unapinda digrii 60, unakwenda na kurudi mara 60 kwa dakika. Je, nimeuziwa Teflon bandia?

JIBU: Ndugu fundi, kwa maelezo haya sidhani kama ni bandia. Bushi yako imefanya kile hasa ambacho Teflon halisi hufanya. Ukitaka kuhakikisha, pima uzito wa kipande kilichobaki: sentimita 10 za ujazo ziwe na gramu 22 hivi, maana plastiki hii ni nzito zaidi ya maji mara mbili. Nailoni ya ujazo huohuo haifiki gramu 12.

Wepesi uliouona siku ya kwanza na tundu lililopanuka wiki ya tatu vina chanzo kimoja. Ukikielewa chanzo hicho, utajua pia pa kuitumia Teflon na pa kuiepuka.

Molekuli ya Teflon ni mnyororo mrefu wa kaboni uliovishwa atomu za florini kila upande. Florini hushika kaboni kwa nguvu sana na haitaki kushikana na kitu kingine chochote. Kwa hiyo mnyororo mzima unakuwa kama fimbo laini isiyo na mahali pa kushikwa. Shafti inapoanza kusugua, utando mwembamba wa plastiki unabanduka na kujipaka juu ya chuma. Kuanzia hapo Teflon inasuguana na Teflon, na kigezo cha msuguano (namba ambayo ikiwa ndogo, kitu kinateleza zaidi) kinashuka hadi kati ya 0.05 na 0.10. Nailoni kavu juu ya chuma huwa kati ya 0.2 na 0.4.

Sasa fikiria ndani ya bushi yenyewe. Fimbo zile zisizoshika chuma hazishikani hata zenyewe kwa zenyewe. Ukizibana kwa mzigo usioondoka, zinateleza taratibu, saa baada ya saa, hata pasipo joto. Mafundi wa plastiki husema inatambaa. Hicho kilichochomoza pembeni mwa bushi yako ni Teflon iliyotambaa kukimbia mzigo. Na ule utando unaobandukia shafti, ambao ndio siri ya utelezi, unatoka kwenye ukuta wa bushi. Ukisukumwa nje, mwingine unabanduka. Hivyo bushi inapungua kwa njia mbili kwa wakati mmoja: inalika na inatambaa.

Tufanye hesabu yako. Mzigo wa kilo 120 ni karibu nyutoni 1,200. Eneo linalobeba huchukuliwa kuwa kipenyo mara urefu, yaani 20 kwa 20, milimita 400 za mraba. Shinikizo ni megapaskali 3. Teflon tupu hubeba kwa usalama takriban megapaskali 3 na kidogo, tena ikiwa imetulia. Kasi: digrii 60 za shafti ya milimita 20 ni milimita 10.5 za mzingo, kwenda na kurudi 21, mara 60 kwa dakika ni mita 0.021 kwa sekunde. Kulika kwa bushi kunategemea vyote viwili, kwa hiyo zidisha shinikizo kwa kasi, unapata 0.063. Teflon tupu inafika kikomo chake hapohapo. Kwa hiyo uko ukingoni kwa shinikizo na ukingoni kwa zao la shinikizo na kasi, na bado sijahesabu ukweli kwamba mkono unaobana huegemea ncha moja ya bushi kuliko nyingine. Kwenye ncha hiyo umeshavuka mpaka. Nailoni kikomo chake ni karibu 0.1, na ukakamavu wake ikiwa kavu ni kama mara sita ya ule wa Teflon. Ndiyo maana ilivumilia mwaka mzima.

Usijilaumu. Kosa hilohilo lilimpata mmoja wa madaktari wa mifupa wanaoheshimika zaidi katika karne iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1950 John Charnley, wa Hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alikuwa akitengeneza nyonga bandia: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Alitaka msuguano mdogo kabisa, akachagua Teflon kwa sababu zilezile ulizochagulia wewe. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa. Mwanzoni walitembea vizuri mno. Baada ya miaka michache tu vichwa vya chuma vilikuwa vimechimba vikombe, na vumbi la Teflon limechochea uvimbe mkali kwenye nyama zilizozunguka kiungo. Ilibidi watu hao wapasuliwe tena.

Mwaka 1962 mwuzaji mmoja akaleta kipande cha polietilini ya aina ngeni, yenye molekuli ndefu kupita kiasi, uzito wake wa molekuli ukiwa katika mamilioni. Charnley hakuona la maana ndani yake. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo. Ikasuguliwa usiku na mchana kwa wiki tatu, na mwisho wa wiki hizo ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa saa 24. Mwezi Novemba mwaka huohuo Charnley alianza kuwawekea wagonjwa vikombe vya polietilini hiyo, na plastiki zilizotokana nayo bado zinatumika katika nyonga na magoti bandia hadi leo. Hii polietilini inasuguana zaidi kuliko Teflon! Lakini minyororo yake ni mirefu kiasi kwamba imesokotana, na kuichomoa mmoja mmoja ni kazi. Kuteleza ni sifa moja, kutolika ni sifa nyingine, na bushi inahitaji ya pili kabla ya ya kwanza.

Naomba nirudi kwenye nailoni yako, kwa sababu naamini uliihukumu bila haki. Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, waliipata nailoni ya 6,6 mwaka 1935, na bidhaa ya kwanza kufika madukani, mwaka 1938, ilikuwa nywele za mswaki. Nguvu yake inatokana na vikundi vya amidi vilivyopangwa kwenye mnyororo kama vifungo vya shati: kila kifungo hushika mnyororo wa jirani kwa kani ya haidrojeni. Hivyo haitambai ovyo. Ila vifungo hivyo hivyo vinayapenda maji. Nailoni iliyo wazi hewani hunywa kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake, na ikiloweshwa mpaka itosheke hufika asilimia 8 au zaidi. Maji yakiingia, nailoni inalainika na kuvimba.

Bushi yako imepigwa ndani ya nyumba yake ya chuma, yaani tundu inamokaa. Haiwezi kuvimba kwenda nje. Inavimba kwenda ndani, tundu linafinyika, shafti inabanwa, mkono unakuwa mzito na unalia. Unasema hilo linatokea siku kadhaa baada ya kuosha, wala si papo hapo, na hiyo ndiyo dalili yenyewe, maana maji huchukua siku kupenya ukuta wa plastiki. Ugonjwa ulikuwa maji na nafasi ndogo kati ya shafti na bushi. Wewe ukatibu msuguano.

Kwa kazi yako ningekereza bushi ya asetali. Ni plastiki ngumu, nyeupe ya maziwa au nyeusi, iliyoingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Delrin, na wengine wakaifuata na aina yao miaka michache baadaye. Mnyororo wake ni kaboni na oksijeni kwa kupokezana, umejipanga kwa fuwele zilizobanana. Inakaribia nailoni kwa ukakamavu, na hata ikizama ndani ya maji muda wote haifikishi asilimia 1 ya kunywa. Vipimo vyake haviyumbi. Inakerezeka vizuri sana pia, chipu zinakatika safi.

Acha nafasi ya takriban milimita 0.1 kati ya shafti na tundu, uipime baada ya bushi kupigwa mahali pake, kwa kuwa kuipiga kunaifinya. Kama utalazimika kurudi kwenye nailoni, ongeza nafasi hiyo mara mbili na upunguze unene wa ukuta. Ukuta mwembamba una plastiki kidogo ya kuvimba. Chunguza na shafti. Ikiwa ina mikwaruzo, itakuwa tupa, na hakuna plastiki itakayostahimili tupa. Ing'arishe. Grisi kidogo siku ya kufunga husaidia sana, hata kama baadaye itaendelea kavu.

Jambo moja sikuliona katika barua yako: unaosha kwa kutumia dawa gani? Asetali inachukia asidi kali, na klorini huila taratibu hadi ipasuke. Ukiwa unatumia dawa za klorini, chukua polietilini ile ya molekuli ndefu. Inavumilia kemikali nyingi na haijali maji kabisa, ila ni laini kuliko asetali, kwa hiyo ongeza urefu wa bushi hadi milimita 30 kama nafasi ipo, ili shinikizo lishuke hadi megapaskali 2. Isipate joto la zaidi ya nyuzi 80. Utaitambua kirahisi: ndiyo pekee kati ya hizi nne inayoelea majini.

Je, Teflon haina kazi kwenye bushi? Inayo, tena kubwa, ila isibebeshwe mzigo peke yake. Njia moja ni kuichanganya na nyuzi za kioo, kaboni au unga wa bronzi. Chembe hizo hubeba mzigo na kuzuia utando usibanduke hovyo, na kulika kunaweza kupungua hata mara 1,000. Njia ya pili naipenda zaidi. Ganda la chuma hupakwa tabaka la bronzi yenye vitundu, na Teflon hushindiliwa ndani ya vitundu hivyo. Chuma kinabeba, bronzi inasafirisha joto, Teflon inatoka kidogo kidogo kulainisha. Bushi hizo zinauzwa tayari kwa vipimo vya kawaida, na shafti ya milimita 20 ni kipimo cha kawaida. Kwa mzigo wako ingekuwa hata zaidi ya mahitaji. Masharti ni mawili: usiipanue tundu kwa kukereza, maana utando wa juu ni mwembamba kuliko unywele na utauondoa wote, na uliza kama ganda lina kinga ya kutu, kwa ajili ya maji yako.

Teflon tupu inang'aa pale isipobebeshwa mzigo, au pale ilipofungiwa isiweze kutambaa. Ilizaliwa kwa bahati mwaka 1938, mkemia Roy Plunkett alipofungua mtungi wa gesi ambao haukutoa gesi ilhali uzito wake ulikuwa palepale. Alipoukata kwa msumeno alikuta unga mweupe. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuziba viungo vya mabomba yaliyopitisha gesi ya urani na florini wakati wa vita, gesi ambayo ilikuwa inatafuna karibu kila kitu kingine. Kwenye kiungo cha bomba inabanwa pande zote, haina pa kukimbilia. Utepe mweupe unaozungushiwa nyuzi za skrubu za mabomba unafanya kazi kwa kanuni hiyo: kule kutambaa kunakoua bushi, pale kunajaza mianya ya nyuzi hizo.

Sasa la afya, na hili nalisema kwa uzito wote. Vumbi na chipu za Teflon ulizokereza zifagie, usizichome. Ikipita nyuzi 350 hivi huanza kutoa mvuke wenye sumu unaoleta homa na kubana kifua. Mafundi wamewahi kuugua kwa sababu tu ya kuvuta sigara wakiwa na vumbi la Teflon vidoleni, kwani ncha ya sigara ina joto la kutosha. Nawa mikono kabla ya chochote. Asetali nayo usiijaribu kwa kiberiti ili kuitambua, kama wengine wanavyofanya na plastiki: moshi wake ni fomaldehidi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kuitambua inatosha kuipima uzito, gramu 14 kwa sentimita 10 za ujazo.

Ukishafunga bushi mpya, pima tundu kwa vernia pande mbili, upande wa mzigo na upande uliokingama nao, kisha rudia baada ya wiki mbili na baada ya kuosha mara ya kwanza. Tofauti ya pande mbili ikikua, bushi inalika au mkono umekaa upande. Tundu likifinyika pande zote sawasawa, hayo ni maji, na uliyouziwa si asetali.