Je, Oili Nzito Huponya Injini Yenye Kasoro?

SWALI: Mtengenezaji wa gari langu aliniandikia kwamba injini za aina yake zina kasoro. Mafundi wake waliipima, wakasema ni nzima, kisha wakaweka oili nzito kuliko ile ya awali. Mimi si fundi. Je, nimetibiwa au nimetulizwa tu?

JIBU: Una haki ya kushuku, ingawa oili nzito si hila. Kwa mfano, mnamo Aprili 2025 kampuni ya General Motors iliyaita yarudi kukaguliwa magari yapatayo 600,000 nchini Marekani yenye injini ya V8 ya lita 6.2, kwa kuwa krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na konrodi (vyuma vinavyouunganisha na pistoni) za baadhi yake zilitoka kiwandani na kasoro. Injini iliyoshindwa kipimo ilistahili kutengenezwa au kubadilishwa, na iliyofaulu iliwekewa oili ya 0W-40, iliyo nzito zaidi injini ikiwa ya moto, badala ya 0W-20. Oili hutanda baina ya beringi (vipande vya chuma vinavyoshikilia krankshafti) na krankshafti yenyewe ili chuma kisisuguane na chuma, na iliyo nzito huhimili mgandamizo zaidi, lakini hairudishi chuma kilichokwisha kulika. Kwa hiyo umepewa kinga, si tiba, na thamani yake inategemea ukweli wa kile kipimo. Dai maelezo ya maandishi: walipima nini, na walipata nini?

Kutokuwa fundi kusikuaibishe. Hyundai ilipoita takriban Sonata 470,000 nchini Marekani mwaka 2015, tatizo lilikuwa chenga za chuma zilizosalia ndani ya injini baada ya krankshafti kuchongwa, jambo ambalo hakuna dereva angeliona. Waliopaswa kusema ni wenye kiwanda, na mwaka 2020 Hyundai na Kia zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 nchini humo kuhusu kuchelewa kuyaita magari na taarifa zisizo sahihi walizotoa.

Hata hivyo, injini ikifa, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulikuwa ukibadilisha oili kwa wakati (na aghalabu huulizwa kwa sauti ya kulaumu), kwa hiyo tunza kila risiti yenye tarehe na kilomita. Pima oili kwa kijiti mara kwa mara, maana ikipungua haraka hiyo nayo ni habari ya kuandikwa. Ukisikia injini ikigonga, na kugonga huko kukiongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, au taa ya oili ikiwaka, egesha mahali salama, zima injini, na uombe gari livutwe.