Hesabu vitanzi kwanza

Kwa miaka mingi nilifundisha vibaya Riders to the Sea, tamthilia ya Mwaireland J. M. Synge. Nilikuwa naingia darasani na somo langu la tanzia, Wagiriki mbele, Ireland nyuma, nao wanafunzi wakinakili kila nilichosema. Muhula mmoja, binti aliyezoea kufuma sweta kwenye kiti cha nyuma akanyoosha mkono: "Profesa, mbona soksi huisemi?"

Nikampa nafasi. Katika mchezo huo, maiti imeokotwa mbali kaskazini, Donegal, na kasisi ameleta shati na soksi moja, pengine ni vya Michael, kijana aliyepotea baharini. Shati halithibitishi kitu, maana kitambaa chake kimejaa maduka ya Galway. Soksi ndiyo dada yake, Nora, aliyoifuma kwa mkono wake: vitanzi 60, vinne vikamponyoka. Anavihesabu, na hesabu inakubali. Kaka anafia pale, kwenye vitanzi vinne vilivyoponyoka. Mimi ukurasa huo nilikuwa naupita mbio, nikiwahi kilio cha mama mtu.

Basi wewe unayeanza kufundisha tamthilia za Ireland, waambie wanafunzi wasome kwa sauti, na msimame penye kitu kinachoshikika au neno linalokwaruza sikio. Nadharia itawasubiri, haina pa kwenda.

Utafiti nao ni vivyo hivyo. Usiku wa 26 Januari 1907, The Playboy of the Western World, mchezo mwingine wa Synge, ulipoonyeshwa mara ya kwanza katika Abbey Theatre, Dublin, Lady Gregory, mmoja wa waanzilishi wa ukumbi huo, alimpelekea mwanzilishi mwenzake, mshairi Yeats, aliyekuwa Scotland, telegramu mbili. Ya kwanza ilisema mchezo umefana sana. Ya pili ikasema watazamaji wamefanya fujo kwa neno moja: shimizi. Anzia kwenye shimizi hilo, utafika kwenye utaifa, dini na heshima ya wanawake wa mashambani. Ukianzia kwenye utaifa utarudia ya wenzako. (Msimamizi wangu wa tasnifu alinikatalia wazo hili, eti ni dogo mno. Bado linaniuma.)

Ukipata nauli, nenda Chuo Kikuu cha Galway ukaone hifadhi ya kidijitali ya nyaraka za Abbey. Tafuta nakala walizotumia wasimamizi wa jukwaa kabla hujagusa barua za wakubwa.

Yule binti alipata B. Mtihani nilikuwa nimeshautunga, na soksi haikuwemo.